Labirinti haimpotezi mchezaji
Ukitaja labirinti kwa wapiga picha, wengi hudhani ni vichochoro vya kumpoteza mtu. Sivyo. Ile ya sakafuni katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ya karne ya 13, ina njia moja tu. Haina njia panda wala kuta, inazungukazunguka hadi katikati.

Ichore kwa chokaa uwanjani, tuseme Chamwino mkoani Dodoma, kisha mchezaji wa muheme, ngoma ya Wagogo, aifuate. Kwa kuwa hakuna pa kupotelea, mwili wake unasikiliza ngoma tu, nawe mpiga picha unaijua kona inayofuata kabla hujabonyeza kamera. Ila mwendo auamue mchezaji: yeye si pambo, ni mtunzi mwenzako, na jina lake liandikwe kwenye picha.