Nyongeza ya gemu si kuchakachua

Neno kuchakachua nimelisikia tena Jumamosi iliyopita, Sinza, kwenye chumba cha gemu kilicho nyuma ya duka la vifaa vya simu. Kijana mmoja alikuwa anacheza World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya vita na uchawi, lile toleo la Classic linalorudisha gemu ya zamani. Upande wa kulia wa kioo chake palikuwa na mistari mitatu ya rangi inayopungua taratibu, kila mmoja umeandikwa jina la pigo ambalo adui yuko karibu kulipiga. Mstari mwekundu ulipobaki ncha tu, akamsogeza mtu wake kando, na moto ukapita pale alipokuwa amesimama. Mwenzake aliyekuwa nyuma ya kiti akapaza sauti: "Oya, huyu anachakachua!" Mwenye chumba akaja, akainama, akatazama, kisha akamwambia azime hivyo vitu au aachie mashine. Kijana akaachia mashine. Alikuwa amelipia saa nzima na hata nusu yake ilikuwa haijafika.

Alichokuwa nacho kijana yule ni nyongeza. Nyongeza ya gemu ni programu ndogo iliyoandikwa na mchezaji, si na kampuni, ambayo inakaa juu ya gemu na kubadilisha unachokiona au namna unavyotoa amri. Wengi mtaani wanaiita modi, na sigombani nao, ingawa modi ni neno pana zaidi: aliyebadilisha jezi za timu kwenye gemu ya mpira naye ametengeneza modi. Maana ndiyo hiyo, haina kina kirefu. Kinachoniuma ni lile neno jingine, kuchakachua.

Watu wa Dar wa umri wangu wanakumbuka kuchakachua kulivyoingia midomoni. Kulitoka kwenye vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo mwenye tamaa alikuwa anayamimina humo na kuuza mchanganyiko kwa bei ya mali safi. Gari lilikuwa linakohoa, linazima katikati ya Barabara ya Morogoro, fundi anafungua, ananusa, anatikisa kichwa: umewekewa mafuta yaliyochakachuliwa. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Neno lenyewe halikufa. Uchaguzi wa 2010 ulipofika watu wakawa wanazungumzia kura kuchakachuliwa. Baada ya hapo likaenda kwenye asali, kwenye maziwa, kwenye vyeti. Leo mtoto wa darasa la nne analitumia bila kujua kwamba lilipita kwenye tangi la mafuta.

Angalieni lakini neno hilo limebeba nini huko kote lilikopita. Kitu kibaya kimeingizwa ndani ya kitu kizuri, kikayeyukia humo, na mnunuzi hana habari. Ukishachanganya mafuta ya taa na petroli huwezi kurudi nyuma ukachota moja ukaacha jingine. Mali nzima imekuwa kitu kingine, na bado inaitwa kwa jina lile lile. Hapo ndipo lilipo kosa la kuchakachua: mchanganyiko hauondoki, na umefichwa.

Sasa chukueni nyongeza. Neno hili ni la kale na muundo wake uko wazi: mzizi ni ongeza, na ile ny- ya mbele ndiyo n- ya ngeli inavyojitokeza mbele ya irabu. Tunalo kwenye nyongeza ya mshahara. Tunalo zaidi sokoni. Nenda Mwananyamala ukanunue fungu la nyanya. Mama ameshalipanga, nyanya tano, tatu chini, mbili juu. Unampa hela, anakufungia, halafu unamwambia, "Mama, niongezee basi." Anachukua moja kutoka kwenye beseni na kuitia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Fungu lilikuwa fungu kabla hajaitia. Ukiitoa na kumrudishia, fungu lako liko vile vile, tano kamili. Tena umeiomba mbele ya macho yake, na mkono ulioitia ni wake.

Ndiyo maana naona Kiswahili kilichagua vizuri. Nyongeza za World of Warcraft zinakaa kwenye folda yao peke yao, na gemu inakaa kwake. Futa folda ile, washa gemu, na utaikuta kama ilivyotoka kiwandani, hakuna doa. Na ruhusa ipo. Tangu gemu ilipotoka Novemba 2004, kampuni ya Blizzard iliacha mlango ambao mchezaji anaweza kupitia akiandika kwa Lua, lugha ya kuandikia programu. Kupitia mlango huo, kwenye toleo kama la Classic, nyongeza inaweza kuuliza: adui ameanza pigo gani, lini, lina urefu gani? Gemu inajibu kwa yale ambayo tayari imeyatuma kwenye mashine yako. Nyongeza inayapanga vizuri na kuyachora. Uhai wa mtu wako, dhahabu yake, nguvu ya upanga wake, vyote viko kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, na nyongeza haina mkono wa kufika huko. Mwaka 2009 kampuni ikaandika kabisa masharti: nyongeza itolewe bure, na msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, usifichwe, yeyote aweze kuusoma. Mlinganisheni mwandishi wa nyongeza na yule wa kituo cha mafuta, aliyekuwa anamimina usiku.

Programu ya udanganyifu ni kitu kingine. Hiyo haipiti mlangoni. Inachungulia kumbukumbu ya mashine, au inatuma ujumbe wa uongo kwa seva, au inakulengea shabaha wewe umekunja mikono. Huko kuchakachua kunastahili jina lake. Na hapa lazima niwaambie na upande wa pili, kwa sababu neno linavunjwa kotekote: nimewahi kumkuta mtu ameweka programu ya kulenga shabaha kwenye gemu ya bunduki, na alipoulizwa akajibu, "Nyongeza tu hiyo, kaka." Hapana. Hakuna aliyekuongezea hapo. Umejichotea.

Mstari kati ya hivyo viwili si wa ukutani, nakubali, mwenye nyumba, yaani kampuni, huusogeza. Ilikuwapo nyongeza moja iitwayo Decursive. Ukiwa mganga wa kundi, watu arobaini mbele yako, nusu yao wamerushiwa laana, ulikuwa unabonyeza kitufe kimoja mfululizo na nyongeza inachagua yenyewe nani atibiwe na kwa dawa gani. Mwishoni mwa 2006 Blizzard wakaubana mlango: nyongeza isiamue tena kwa niaba ya mchezaji katikati ya vita. Waliokuwa wakiitumia kabla ya hapo hawakuwa wezi. Walipita palipokuwa wazi, pakafungwa, wakaacha.

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye swali ambalo vijana wa chumba kile hubishania bila kulipatia jina: nyongeza ikipendwa na wengi, kampuni iichukue iiweke ndani ya gemu yenyewe, au iiache nje? Wengine wanasema kuiweka ndani ni kumwibia aliyeibuni. Wengine wanasema kuiacha nje ni uvivu wa kampuni. Nadhani jibu limo kwenye sarufi tuliyofundishwa sekondari tukaisahau.

Wanaotafsiri programu za kompyuta wana neno programu-jalizi. Watu wengi wanalipita kama wanavyopita jina la dawa. Lakini ni ndugu wa kijalizo, kile cha kwenye uchanganuzi wa sentensi. Sema "Asha ni mwalimu." Ondoa mwalimu. Unabaki na "Asha ni", na msikilizaji anakusubiri mdomo wazi. Mwalimu hapo ni kijalizo: kinajaza pengo ambalo sentensi yenyewe imeliacha. Sasa sema "Asha amelala sebuleni." Ondoa sebuleni. Asha bado amelala. Hicho kilikuwa chagizo. Kinapendeza, kinaeleza, lakini sentensi inasimama bila yake.

Nyongeza nazo ziko hivyo. Zipo za chagizo: za kubadilisha herufi, za kuweka picha ya simba pembeni, za kupanga vitu mkobani kwa rangi unayoipenda. Hizo ziachwe nje, kila mtu ajipambie kwake, na kampuni ikiziingiza itawalazimisha wote ladha ya wachache. Na zipo za kijalizo, ambazo mtu mpya akiingia anaambiwa na wenzake siku ya kwanza, "Weka hii, bila hii hatukuchukui." Ikifika hapo, gemu yenyewe ndiyo ina pengo. Kampuni iliuza "Asha ni" na wachezaji wakamalizia sentensi bure. Hizo nasema bila kusita: ziingizwe.

Na zimekuwa zikiingizwa. Wachezaji wa zamani wa World of Warcraft walikuwa wanapotea porini wakitafuta mahali pa kutimiza kazi waliyopewa, mpaka nyongeza ya QuestHelper ikawa inawaonyesha kwenye ramani. Desemba 2009 ramani ya gemu yenyewe ikaanza kuonyesha. Kwenye Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, zile pistoni zinazosukuma matofali zilianza kama modi ya mchezaji kabla ya kuingizwa rasmi mwaka 2011. Na mwaka 2025 Blizzard walitangaza jambo kubwa kuliko yote: katika toleo la Midnight nyongeza zitazuiwa kuchakata sehemu kubwa ya taarifa za vita, na kampuni itaweka yenyewe vipimo vya kuonyesha nani amempiga adui kwa kiasi gani, na maonyo ya mapigo ya adui. Yaani mistari ile ile ya rangi iliyomwondoa kijana kwenye mashine Sinza, kwenye toleo jipya kampuni inaichora kwa mkono wake.

Kwetu sisi kuna sababu nyingine ambayo sioni wa Ulaya wakiitaja. Wengi hapa hawana kompyuta nyumbani. Wanakodi kwa saa. Nyongeza inakaa kwenye mashine, haikufuati. Leo umekaa mashine namba tatu, umeipanga vizuri, kesho namba tatu ina mtu, unakaa namba saba, na unaanza upya: kupakua, kupanga, muda unakwenda, hela inakwenda. Au mwenye chumba amesafisha mashine zote usiku. Kitu kilichoingizwa ndani ya gemu, kampuni inaweza kukitunza kwenye seva pamoja na akaunti yako, ukakikuta popote ulipokaa. Na kuna uchovu wa watu. Anayeandika nyongeza anaandika baada ya kazi yake ya mchana. Gemu ikisasishwa, nyongeza inavunjika, naye siku hiyo labda anauguza. Maelfu wanabaki wanamsubiri mtu mmoja ambaye hawamlipi chochote.

Namna ya kuingiza ndiyo inayohitaji heshima. Septemba 2021 Jagex ya Uingereza, wenye Old School RuneScape, walimzuia mchezaji aliyekuwa ametengeneza kwa muda mrefu nyongeza ya kuipa gemu hiyo sura safi, 117 HD, inayofanya kazi ndani ya RuneLite, programu ya kuchezea gemu hiyo ambayo kampuni ilikuwa imeikubali. Walimwambia wana mpango wa kutengeneza ya kwao. Alikuwa karibu kabisa kuitoa. Wachezaji wakaandamana ndani ya gemu yenyewe, na kabla ya siku nyingi kupita kampuni ikageuka, ikairuhusu. Kosa lao halikuwa kutaka sura nzuri ndani ya gemu. Walitaka mnunuzi arudishe nyanya kabla mama hajapanga fungu lake. Mwiteni mtu kama huyo, mlipeni, au walau andikeni jina lake. Valve, wenye gemu ya Half-Life, walifanya hivyo kwa Counter-Strike, iliyoanza 1999 kama modi ya gemu hiyo: waliinunua na kuwaajiri walioitengeneza.

Kuna gemu zisizo na mlango kabisa, na hili nalo lisemwe kwa haki. Final Fantasy XIV inakataza programu yoyote ya nje. Anayeiweka huko amevunja kanuni ya nyumba, na akifungiwa asilalamike. Hata hivyo mwaka 2022, baada ya kukumbusha katazo hilo, viongozi wa gemu hiyo walisema wataziangalia zana zinazotumiwa sana ili waboreshe kiolesura chao wenyewe, yaani vitufe na maandishi ya kwenye kioo. Walijua pengo liko wapi, na walijua ni nani aliyewaonyesha.

Jumatatu nilirudi Sinza. Sikwenda kugombana na mwenye chumba, ni mtu mwema na mashine zake anazilinda kwa sababu zimewahi kuingiliwa na virusi. Nilimwomba tukae kwenye mashine moja. Tukaifungua ile folda, nikamwonyesha faili za Lua, maandishi matupu, yanasomeka. Tukaihamisha folda kwenye desktopu, tukawasha gemu, mistari haipo. Tukairudisha, tukawasha, mistari ipo. Akaniuliza, "Kwa hiyo dogo alikuwa haibi?" Nikamwambia haibi, kaka, alikuwa ameongeza. Akatikisa kichwa kidogo, akasema basi akija ampe ile saa yake.