Kutokwa na Damu Baada ya Kujifungua: Tafiti Zinavyotufundisha Kupima Mapema

Katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walieleza kuwa wanawake wapatao 260,000 walifariki dunia mwaka 2023 kwa sababu zinazohusiana na ujauzito au uzazi, na kwamba takriban asilimia 70 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara. Kiwango cha vifo kimeshuka kutoka 328 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000 hadi 197, wakati lengo lililowekwa na mataifa ni kufika chini ya 70 ifikapo mwaka 2030. Miongoni mwa visababishi vyote, kutokwa na damu nyingi bado kunashika nafasi ya kwanza, kwa zaidi ya robo ya vifo, kikifuatiwa na shinikizo la juu la damu wakati wa ujauzito. Mimi ni daktari wa wanawake na uzazi, na nimechagua kuandika juu ya kisababishi hiki kimoja kwa kuwa ndicho ambacho utafiti wake umepiga hatua kubwa zaidi katika miaka kumi iliyopita, tena kwa namna ambayo wengi wetu hatukuitarajia: maendeleo makubwa hayakuletwa na dawa mpya, yaliletwa na kupima damu kwa wakati.

Ili kuelewa kwa nini wakati una uzito huo, ni vyema tuanze na mji wa mimba wenyewe. Mwishoni mwa ujauzito, kiungo hiki hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni nyuzi za misuli zilizopishana kuizunguka, ambazo hukaza na kuibana. Mji wa mimba ukikataa kukaza, hakuna kizuizi kingine cha maana kinachoweza kuzuia damu isimwagike, na hali hiyo ya ulegevu ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matukio tunayokutana nayo. Visababishi vingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo yaliyosalia ndani, na hitilafu katika kuganda kwa damu. Mama mwenye afya njema anaweza kupoteza fahamu katika muda mfupi tu, na mama aliyekuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo hufika hapo mapema zaidi.

Kwa miongo mingi, tafsiri rasmi ya tatizo hili ilikuwa kupoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Kwenye karatasi, kipimo hicho kinaeleweka bila shida. Katika chumba cha kujifungulia, damu haiji ikiwa imetengwa: sehemu yake imechanganyika na maji ya uzazi, sehemu imenyonywa na shuka na pamba, sehemu imeganda mapande mapande ndani ya beseni, na nyingine bado imefichika ndani ya mji wa mimba wenyewe. Mkunga anaangalia, anakisia, kisha anaandika “300” kwenye jalada. Tafiti nyingi zilizolinganisha makisio ya macho na damu iliyopimwa kwa mizani zimeonyesha kuwa jicho hupunguza, na kwamba kadiri damu inavyozidi ndivyo makisio yanavyozidi kuwa nyuma ya ukweli. Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni damu inayotiririka polepole. Damu inayofoka humshtua kila aliyemo chumbani, lakini kijito chembamba kinachoendelea kwa saa nzima huonekana kama jambo la kawaida hadi presha inaposhuka.

Hapo ndipo jaribio lililopewa jina la E-MOTIVE linapoingia. Liliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani na vyuo vya nchi husika, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Hospitali 80 za ngazi ya kati nchini Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili, na wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida wakajumuishwa. Kundi moja liliendelea na huduma lilizozoea. Kundi la pili lilipewa shuka maalumu la plastiki lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, ambao una mistari ya vipimo, pamoja na utaratibu wa tiba ambao hatua zake hutolewa zote kwa mpigo.

Shuka lenyewe ni kifaa rahisi mno. Linatandikwa chini ya mama mara mtoto anapotoka, damu inateremkia mfukoni, na yeyote aliye karibu anaweza kusoma kiwango bila kubishana. Kwa saa ya kwanza, kila baada ya dakika 15, mkunga anasoma mfuko, anapapasa tumbo kuhakikisha kuwa mji wa mimba umekaza, anapima presha na mapigo ya moyo, kisha anaandika. Damu ikifika mililita 500, tiba inaanza. Ikifika 300 na kukawa na dalili moja isiyo ya kawaida, kwa mfano mapigo yaliyopanda au mji wa mimba uliolegea, tiba inaanza vilevile. Na hata kabla ya hapo, mkunga akiwa na wasiwasi kwa uzoefu wake, anaruhusiwa kuanza.

Tiba ina sehemu tano: kukanda mji wa mimba, kutoa dawa za kuukaza, kutoa asidi traneksamiki (dawa inayosaidia mgando wa damu kudumu), kuweka dripu ya maji, na kuchunguza njia ya uzazi huku msaada wa ngazi ya juu ukiitwa ikiwa damu haikomi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ngeni kwa wakunga wa hospitali hizo. Kilichobadilika ni mpangilio. Awali tulizoea kujaribu hatua moja, kusubiri, kutazama, kisha kwenda kwenye ya pili, na kila kusubiri kulikuwa na gharama yake. Katika utaratibu mpya, dawa na vifaa vyote hukaa pamoja kwenye toroli au sanduku moja, na lengo ni kumaliza hatua zote ndani ya dakika 15.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza kwa jaribio la ukubwa huo. Kupoteza lita moja au zaidi ya damu, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwa sababu hiyo, vikijumlishwa pamoja, vilitokea kwa asilimia 1.6 ya wanawake katika kundi la utaratibu mpya, dhidi ya asilimia 4.3 katika kundi la huduma ya kawaida. Huo ni upungufu wa takriban asilimia 60. Hata hivyo, takwimu inayonigusa zaidi ni ile ya utambuzi. Katika hospitali za huduma ya kawaida, tatizo lilitambuliwa kwa asilimia 51 tu ya wanawake waliokuwa nalo, na katika hospitali zilizotumia shuka la vipimo lilitambuliwa kwa asilimia 93. Maana yake ni kwamba, kwa utaratibu wa zamani, karibu nusu ya kina mama waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi hawakuhesabiwa kuwa wagonjwa, na kwa hiyo hawangeweza kutibiwa kwa wakati hata kama kabati la dawa lingekuwa limejaa. Ni lazima niongeze tahadhari mbili. Jaribio halikuonyesha kwa uhakika upungufu wa vifo peke yake, kwa kuwa vifo, kwa bahati njema, vilikuwa vichache kiasi cha kutotosha kwa ulinganisho huo. Pia lilihusu kujifungua kwa njia ya kawaida pekee, ilhali upasuaji wa kujifungua una matatizo yake ya upimaji, ambayo shuka hilo haliyatatui.

Dawa moja katika orodha ile inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Asidi traneksamiki iligunduliwa nchini Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1962. Wao walitafuta dawa ya kuzuia vifo vya wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Damu inapoganda, mwili huanza pia kuuyeyusha utando ulioushikilia mgando huo, na dawa hii huzuia kuyeyuka huko, hivyo mgando hudumu. Okamoto hakufanikiwa kuwashawishi madaktari wa uzazi wa wakati wake waijaribu kwa lengo alilolikusudia, na dawa ikaenda kutumika kwenye meno, hedhi nzito na upasuaji. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi jaribio la WOMAN, lililoratibiwa na watafiti wa London, kulijibu swali lake. Wanawake 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21 walishiriki, na mwaka 2017 ilibainika kuwa vifo vitokanavyo na damu vilipungua kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5, na kwa waliopewa dawa ndani ya saa tatu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Okamoto alikuwa amefariki mwaka 2016.

Mara nyingi matokeo hayo hunukuliwa bila sharti lake. Uchambuzi wa pamoja wa takwimu za wagonjwa zaidi ya 40,000, wakiwemo majeruhi wa ajali, ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza manufaa ya dawa hii kwa takriban sehemu moja ya kumi, na kwamba baada ya saa tatu hakuna manufaa yanayoonekana. Dawa hiyohiyo, kwa bei ileile, ina nguvu tofauti kulingana na saa iliyopo ukutani. Ndiyo sababu sioni kuwa dawa na shuka la vipimo ni mambo mawili yanayoshindania bajeti: bila utambuzi wa mapema, sindano hufika mwilini wakati ambapo kazi yake imekwisha kupita.

Kwa upande wa kinga, kila mama anayejifungua anapaswa kupewa dawa ya kukaza mji wa mimba mara tu mtoto anapotoka, na oksitosini ndiyo chaguo la kwanza. Udhaifu wake ni joto. Inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme unapokatika mara kwa mara, chupa inaweza kubaki na lebo nzuri huku dawa iliyomo imepungua nguvu. Jaribio la CHAMPION, lililochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, lililinganisha oksitosini na aina ya karbetosini, dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, inayohimili joto, na likaonyesha kuwa hii ya pili si dhaifu kuliko ya kwanza katika kuzuia damu kufika mililita 500. Kwa kuwa oksitosini iliyotumika katika jaribio ilihifadhiwa kwenye baridi ipasavyo, manufaa halisi ya karbetosini pale ambapo jokofu halitegemeki huenda ni makubwa kuliko yanavyoonekana katika takwimu hizo.

Swali ambalo sasa linatusumbua zaidi ni la upungufu wa damu. Zaidi ya theluthi moja ya wajawazito duniani wana hali hiyo, na kwao mililita 400 zinaweza kuleta hatari ambayo kwa mwingine haiji hata kwa mililita 800. Jaribio la WOMAN-2, lililofanyika Pakistani, Nigeria, Tanzania na Zambia na kuchapishwa mwaka 2023, liliwapa asidi traneksamiki wanawake wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali mara baada ya kujifungua, kabla tatizo halijatokea. Haikuzuia: karibu asilimia 7 ya waliopewa dawa, na vilevile ya wasiopewa, walipata tatizo lilelile. Wengine waliyapokea matokeo hayo kama pigo. Mimi nayaona kuwa yametuonyesha mahali pa kuelekeza nguvu, kwa sababu takwimu za jaribio hilohilo zilidhihirisha kwamba kadiri himoglobini inavyokuwa chini, ndivyo hatari ya kuvuja damu na ya kufa inavyopanda. Upungufu wa damu unapaswa kutibiwa wakati wa ujauzito, na ndiyo maana watafiti wa nchi mbalimbali wanalinganisha vidonge vya madini ya chuma na dripu ya madini hayo, ambayo humaliza kazi kwa ziara moja au mbili badala ya miezi ya kumeza vidonge vinavyochafua tumbo.

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa wanawake na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya unaoingiza sehemu kubwa ya mafunzo haya katika utendaji. Hausubiri tena mililita 500 kwa kila mama: 300 zikiambatana na mabadiliko ya presha au mapigo zinatosha kuanzisha tiba. Bila shaka baadhi ya wanawake ambao damu yao ingekoma yenyewe watatibiwa. Nimesikia wenzangu wakilalamikia hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani kila dripu inahitaji mkono wa mkunga ambaye huenda anahudumia vitanda vitatu. Lakini dawa zinazohusika zina madhara machache, na uzito wa kukosea kwa kuchelewa haulingani na uzito wa kukosea kwa kuwahi.

Kilichobaki nje ya picha ni uzazi unaotokea mbali na mtu anayeweza kuweka dripu. Asidi traneksamiki, hadi sasa, hutolewa kwa mshipa, gramu moja polepole kwa muda wa dakika kumi, na kazi hiyo inadai ujuzi na vifaa. Utafiti wa awali uliofanyika Pakistani na Zambia kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji ulionyesha kuwa dawa hiyo ikichomwa kwenye msuli huingia kwenye damu haraka na kufika kiwango kinachohitajika katika muda usiozidi saa moja. Majaribio makubwa zaidi yakithibitisha kuwa sindano ya msuli inaokoa, mkunga wa zahanati ambaye leo analazimika kusubiri gari la wagonjwa ataweza kuitoa mwenyewe, hapo hapo, ndani ya zile dakika 15 za mwanzo.