Viatu vya kuchongoka vimerudi, vidole vyetu je?

Ukipita Moi Avenue jioni watu wakitoka kazi utaviona, vya kisigino na hata flati, na Gikomba ndio vinang'ang'aniwa. Haya ndio mnaniuliza sana.

Kwani ncha inafanyia mguu nini?
Ncha yenyewe haina ubaya, ubaya ni pale kiatu kinaanzia kuchongoka. Mguu ni mpana pale vidole vinaota, sasa kiatu kikianza kubana kabla vidole havijaisha, kidole gumba kinasukumwa kwa wenzake na fundo lake linatokea nje, linafura, linauma, ndio kile kinundu unaona pembeni. Kisigino kirefu kinazidisha juu uzito wote unashuka mbele. Wengine neva inabanwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, wanahisi moto ama kama wamekanyaga kokoto.

Si ni mambo ya kurithi tu?
Kurithi kuko. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikagua mifupa ya watu 177 waliozikwa zamani huko, wakatoa majibu 2021: wa karne ya 11 hadi 13 wenye kinundu ni asilimia 6, wa karne ya 14 na 15, wakati viatu vya ncha vilishika sana, ni asilimia 27. Damu ya watu haibadiliki haraka hivo, viatu ndio vilibadilika.

Nikinunua namba kubwa?
Haisaidii, mguu utateleza mbele vidole viingie kwa ile ncha vibanwe tu. Fanya hivi, jioni mguu ukiwa umefura kidogo simama pekupeku juu ya karatasi, uchore, alafu uweke kiatu juu ya huo mchoro. Wino ukionekana nje ya soli, rudisha, hata muuzaji akiapa kitaachia. Ngozi inaachia kidogo, plastiki haiachii.

Harusi ya Jumamosi je?
Vaa. Masaa machache hayaharibu mguu, beba tu raba za kurudi nazo kwa matatu.

Kinundu kishatoka, zile silikoni za kutenganisha vidole zinakirudisha?
Zinapunguza maumivu, mfupa hazinyooshi. Kunyoosha ni opareshini, na hiyo ni ya maumivu yaliyozidi, si ya sura. Anza kwa kubadilisha kiatu.

Mamangu ana sukari na anavipenda sana.
Tafadhali mwombe aviache. Sukari inaua hisia za miguu polepole, kiatu kinamchubua na hasikii, anakuja kujua kidonda kishaoza, na kuna watu wamekatwa mguu kwa kitu kilianza kama lengelenge tu. Kila jioni aangalie nyayo na katikati ya vidole, kama hawezi kuinama wewe mwangalilie, na mkiona ngozi imepasuka mpeleke kliniki kesho yake asubuhi, msingoje tarehe yake ya kuchukua dawa.