Kiungulia cha usiku: maswali ya barazani Lamu

Nikilala tu kifua chawaka moto. Ni moyo au ni tumbo?

Mara nyingi ni kiungulia. Pale umio, njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni pana msuli unaojifunga kama mlango. Ukilegea, tindikali hupanda na kuchoma, maana umio hauna utando mzito kama wa tumbo. Lakini kifua kikikubana, maumivu yakapanda tayani au yakashuka mkononi, ukatokwa na jasho jembamba, usikae kuchemsha tangawizi. Nenda hospitali ya King Fahd usiku huohuo.

Basi niache biriani na pilipili?

Mimi huwaambia watu waanze na saa kabla ya kugusa sufuria. Biriani ya mchana humkuta mtu yuko wima, anatembea. Ya usiku humlalisha nayo. Mafuta hukawia tumboni, na tumbo lililojaa huusukuma ule mlango. Acha muda wa saa tatu kati ya kula na kulala: ukilala saa nne, kula baada ya magharibi, usingoje isha ipite. Punguza sahani, legeza leso au kikoi kiunoni, kisha tembea kidogo ufukweni.

Baada ya hapo jichunguze. Kuna anayechomwa na kahawa chungu, mwingine achari ya ndimu, mwingine nyanya au soda. Andika kwa wiki mbili ulichokula na usiku ulivyokuwa. Sioni haja ya kumnyima mtu mbaazi na mahamri yake ikiwa hayamdhuru.

Na Ramadhani?

Ndipo wengi huumia, nami husikitika kwa kuwa kunaepukika. Fungua kwa tende na maji, sali, kisha ule kwa kiasi. Vitafunio vya kukaanga viwe vichache. Daku nayo usiile ukarudi kitandani papo hapo.

Nikiongeza mto wa pili?

Mito hukunja kiuno na kulibana tumbo. Afadhali uinue kitanda chenyewe: weka vipande vya boriti vya sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu ya upande wa kichwa. Lalia ubavu wa kushoto, tumbo likae chini ya umio.

Maziwa je?

Hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi.

Mke wangu ni mjamzito, hapati usingizi.

Homoni za mimba hulegeza msuli, na mtoto husukuma tumbo. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Dawa yoyote aiulizie kliniki kwanza.

Nimekuwa nikinunua vidonge dukani.

Ukivitumia wiki mbili bila nafuu, muone daktari, na umtajie pia dawa za maumivu unazomeza, kama ibuprofeni au diklofenaki, kwani huchubua tumbo. Usingoje hizo wiki mbili ikiwa chakula chakwama kooni, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au unakonda bila sababu.