Msimwambie Afunge Mdomo

"Mwambie afunge mdomo, daktari. Ni hilo tu."

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na binti aliyemsindikiza mamake kliniki ya sukari hapa Malindi. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, anatazama sakafu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila hilo nimelizoea. Hili la mdomo, kwamba mtu mnene akijizuia kula tu atapungua, sijalizoea na sitaki kulizoea, kwa sababu nalisikia kwa watoto wa wagonjwa, kwa waume, kwa wauguzi wenzangu, na mara nyingi kwa mgonjwa mwenyewe, aliyekwisha kujihukumu kabla hajapanda mizani.

Mama yule si mlafi. Kadi yake ninayo. Aliwahi kupungua kilo 10: aliacha sukari kwenye chai, akapunguza wali, akawa anakwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda tuktuk. Akakaa hivyo miezi mingi, kisha uzito ukaanza kurudi kidogo kidogo hadi ukarudi wote. Kwa bintiye maelezo ni mepesi, kwamba amechoka kujikaza. Swali langu ni lingine: mwili ulifanya nini baada ya zile kilo 10 kuondoka?

Nianze na lililo kweli, nisije nikaambiwa nakataa hesabu. Ukiingiza nishati nyingi kuliko unayotumia, mwili huweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta. Wanaoniletea video za simu zinazodai kalori ni uongo wananichosha sawasawa na wanaosema kalori ndizo kila kitu. Shida ni kwamba sentensi hiyo haisemi kwa nini mtu anaingiza zaidi. Inaeleza kilichotokea na kuishia hapo. Ukimpa mgonjwa hiyo kama tiba, umempa hesabu ya kujumlisha na kutoa, ukidhani namba za upande mmoja zitatulia wakati yeye anabadilisha za upande wa pili. Hazitulii.

Kuna dawa za kisukari, jamii ya dapagliflozini na empagliflozini, ambazo hufanya figo itoe sukari kwenye mkojo. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa watu waliotumia dawa ya jamii hiyo, kanagliflozini, kwa mwaka mmoja. Kila siku watu hao walikuwa wakipoteza takriban kalori 360 chooni bila kuhisi chochote. Hakuna aliyekuwa akijinyima, hakuna aliyeambiwa ale zaidi au kidogo. Kwa hesabu ya kalamu na karatasi wangeendelea kukonda muda mrefu sana. Walipungua kilo chache, uzito ukasimama. Kilichousimamisha ni chakula: walikuwa wameongeza kula bila wenyewe kujua, na kadiri walivyopungua ndivyo walivyoongeza.

Natamani kila anayesema "hajikazi" aikalie taarifa hiyo kidogo. Hapa hapakuwa na mtu aliyechoka kujikaza, maana hakuna aliyekuwa akijikaza. Makadirio ya watafiti hao ni kwamba kila kilo inayopungua huipandisha hamu ya kula kwa takriban kalori 100 kwa siku juu ya ilivyokuwa, na matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30. Chukua kilo 10 za mama yetu, fanya hesabu. Njaa inamvuta kuelekea kalori 1,000 za ziada kila siku, huku mwili wake ukitumia pungufu ya kalori 200 hadi 300. Na bado aliushikilia uzito ule miezi mingi. Mtu huyo ndiye anayeitwa mzembe mbele ya watu.

Wengi wakisikia haya hurukia kusema mwili umelala, hauchomi tena. Hapo pana ubishi ambao darasani hatukuambiwa. Hall huyo huyo alipima washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito, miaka 6 baada ya mashindano, akakuta miili yao ikipumzika inatumia kalori kama 500 pungufu ya ilivyotarajiwa. Habari hiyo ilizunguka dunia. Lakini wengine waliopima watu baada ya uzito kutulia walikuta pengo dogo zaidi, na Hall mwenyewe baadaye aliyaeleza upya matokeo yake. Kwa hiyo mimi sisemi tena kliniki kwamba mwili wa mtu umeharibika. Nasema njaa. Ushahidi wa njaa una uzito zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni za njaa na za shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake. Na zamani zaidi, 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya na nidhamu, kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito. Wakawa wanaota chakula, wanalamba sahani, wanakusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa walikula wasishibe.

Kwa nini sasa mmoja anenepe na nduguye asinenepe? Hili nitalipita haraka kwa sababu halina ubishi mkubwa. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake waliangalia watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakakuta uzito wao unafuata wa waliowazaa, si wa waliowalea. Urithi upo, na ni mkubwa.

Lakini urithi wa watu wa Malindi haukubadilika tangu enzi za bibi zetu, na miili imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta theluthi ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Hapo kila mtu ana mshukiwa wake. Wengi huyanyooshea kidole mahamri na mbaazi za nazi, nami nayatetea. Mahamri yalikuwepo, tui lilikuwepo, halua ilikuwepo harusini, na mbaazi ni katika vyakula bora vilivyobaki mezani kwetu, zina protini na nyuzinyuzi. Nikimwomba mgonjwa anihesabie alichokula jana, hutaja milo: chai asubuhi, wali na mchuzi mchana, chapati usiku. Nikiuliza "Na katikati, shangazi?" hapo ndipo orodha inapofunguka. Soda ya nusu lita, ambayo ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 10 vya chai. Biskuti za mtoto alizozimaliza yeye. Soseji ya jioni kwenye stendi. Chipsi, kwa sababu samaki wa kulisha watu saba amepanda bei. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo anachokihesabu kuwa chakula, na sidhani anaficha. Vimetengenezwa vipite bila kushibisha. Mwaka 2019 watu 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti, wiki 2 wakila vyakula vya viwandani na wiki 2 vya kupikwa kawaida, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zikiwa zimelinganishwa mezani, na ruhusa ya kula watakavyo. Kwenye vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Ni wale wale, na midomo ni ile ile.

Ni kitu gani hasa katika vyakula hivyo kinachofanya hivyo? Ulaini, kasi ya kula, mchanganyiko wa mafuta na wanga? Watafiti wanabishana mpaka leo, na anayekwambia amemaliza ubishi huo ana kitu anachouza.

Halafu wapo watu wa wanga. Hawa nao wana wasomi wao, akiwemo David Ludwig wa Boston, anayesema wanga wa haraka hupandisha insulini, insulini hufungia nishati kwenye mafuta, na njaa inafuata baadaye. Hoja yenyewe si ya kipuuzi, na kwa mgonjwa wa sukari kupunguza wanga kuna faida ninayoiona kwenye kipimo cha damu. Lakini kama tiba ya unene, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipolinganisha mwaka 2018, watu 609 kwa miezi 12, waliopunguza mafuta walishuka kwa wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Kilichonishika zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka, na wala vipimo vya jeni wala vya insulini havikuweza kutabiri nani atakuwa nani. Hapa ndipo kazi yangu ilipo ngumu na vitabu vinapokaa kimya. Mgonjwa akiniuliza "Mimi nipunguze wali au mafuta?", jibu la kweli ni kwamba tutajaribu unaloweza kuishi nalo, tutapima, tutabadilisha.

Mazoezi yana sifa nyingine. Tembea kwa ajili ya moyo, presha, sukari, usingizi, magoti. Usitembee ukitarajia kilo. Wahadza wa Tanzania, wawindaji wanaotembea kutwa, walipopimwa na Herman Pontzer na wenzake, matokeo yakachapishwa 2012, walionekana kutumia nishati kwa siku karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya ukizingatia ukubwa wa miili. Mwili unapotumia zaidi kutembea unaonekana kubana kwingine. Mama anayetembea jua la saa tisa kwa mwezi mzima, kisha mizani isisogee, hajadanganya.

Ndimu na maji moto, siki ya tufaha, chai za majani za kusafisha tumbo: haziyeyushi mafuta. Nyingi ya hizo chai zinaharisha, na kinachopungua ni maji.

Sindano za kupunguza uzito je? Naulizwa kila siku. Semaglutaidi inafanya kazi. Katika jaribio la 2021 lenye watu 1,961, kwa wiki 68 waliopewa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Inafanya kazi kwa sababu inagusa pale pale nilipokuwa nikipasema, kwenye njaa na shibe. Wagonjwa walioipata huniambia jambo moja kwa maneno tofauti: kelele ya chakula kichwani imenyamaza. Ila walioacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito waliopoteza ulirudi. Na hapo tena nasikia hukumu ile ile, eti dawa ni ya uongo au mtu ni dhaifu. Mtu wa presha akiacha vidonge presha ikapanda, nani anamwita dhaifu? Unene wa kupita kiasi ni ugonjwa wa kukaa nao, na tiba yake ni ya kukaa nayo, iwe chakula, dawa au upasuaji. Upasuaji, kwa wenye uzito mkubwa sana, ndio wenye rekodi ndefu kuliko tiba zote: Wasweden wamefuatilia wagonjwa wao tangu 1987, na waliopasuliwa waliishi zaidi. Linalonikera kwenye sindano ni bei, ambayo watu wangu wengi hawaiwezi, na bandia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi bandia. Kununua kwa mtu wa kwenye simu asiye na duka la dawa ni hatari tupu.

Kuna shaka nyingine ambayo huwa siandiki kwenye kadi. Mgonjwa mwenye unene wa wastani, asiye na sukari wala presha, anayelala vizuri na kupanda ngazi bila kuhema: sina hakika kwamba kumsukuma apungue kunamfaa kuliko kumsaidia asiongezeke. Nimeona wengi wakipungua, wakirudi, wakipungua tena, na kila mara wakirudi wameongeza na aibu. Tena mtaani kwetu kukonda kuna gharama yake. Mwanamke akipungua kilo 6 anaulizwa "Una nini, mbona umekwisha?" Mwingine anamnong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Wapo walioacha mlo wao kwa sababu ya maneno hayo tu, nami sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Kwa mwenye sukari, hali ni tofauti, hata kilo 5 hadi 7 kwa mtu wa kilo 100 zinaonekana kwenye damu yake.

Mkija kliniki, leteni dawa zote mnazotumia, hata zile mnazoona hazihusiani. Insulini huongeza uzito, baadhi ya vidonge vya kisukari pia, baadhi ya dawa za akili, na kwa wanawake wengine sindano ya uzazi ya miezi mitatu. Leteni pia vile vidonge vidogo vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti, hata kama vilinunuliwa kwa ajili ya harusi na vikaendelea kutumika. Mara nyingine ni deksamethasoni, dawa inayoiga kortisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea. Hivyo huvimbisha uso na tumbo, hupandisha sukari na presha, na mtu aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza homoni hiyo wenyewe na anaweza kuanguka. Vileteni, daktari avipunguze polepole.