Je, wajua jinsi mtu mzima wa Texas anavyopata msaidizi wa maamuzi bila kwenda kwa jaji?

Kijana ana ulemavu wa akili. Mpaka jana mama yake aliingia naye kwa daktari, akauliza maswali, akatia saini. Leo katimiza miaka 18, na kwa sheria za Texas, Marekani, mama hana tena mamlaka hayo. Zamani jibu la kawaida lilikuwa kwenda mahakamani kuomba ulezi, na ukiwa ulezi kamili, mlezi ndiye mwenye kauli kuhusu pesa, tiba, hata mahali pa kuishi. Ni kumnyang'anya mtu usukani wakati pengine alichohitaji ni wa kumsomea barua ya benki polepole.

Mwaka 2015 Texas ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya makubaliano ya kusaidiwa kuamua. Anayesaidiwa awe mtu mzima mwenye ulemavu, msaidizi naye awe mtu mzima, na wote wawili waingie kwa hiari, bila kutishwa wala kushinikizwa.

Fomu imeandikwa ndani ya sheria yenyewe, na haina makuu. Inataja chakula, mavazi na makazi, kisha afya, kisha fedha. Kwenye kila eneo mwenye ulemavu anachagua ndiyo au hapana. Anaweza kumkubali dada yake kwenye mambo ya hospitali na kumkatalia kabisa kwenye akaunti ya benki. Kazi za msaidizi ni kutafuta taarifa, kuzifafanua, kumweleza mwenzake njia zilizopo na matokeo ya kila moja, na kumsaidia kufikisha uamuzi wake kwa wahusika. Kumwamulia, hapana. Fomu inalisema hilo waziwazi.

Kuna kijitego hapa. Kutia saini makubaliano hakufungui faili la hospitali. Faragha ya taarifa za afya inalindwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo lazima kuambatanishwe kibali cha pekee kinachomruhusu msaidizi kuziona. Rekodi za shule nazo ni vivyo hivyo.

Saini zinawekwa mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati. (Kwetu Tanzania kazi ya kuthibitisha hati tumezoea kuiona kwa wakili, Texas si lazima mthibitishaji awe wakili.) Shahidi anatosha akiwa na miaka 14, umri uleule unaotakiwa kwa shahidi wa wosia katika jimbo hilo. Binafsi naona ni mdogo mno kwa jambo zito kama hili.

Baada ya hapo hakuna jaji wa kuidhinisha. Anayeonyeshwa makubaliano, hata nakala tu, anapaswa kuyategemea.

Wepesi huu una hatari zake, kwani anayekusomea barua ndiye pia anayeweza kuruka mistari. Mwaka 2017 sheria ikaongezwa makali: msaidizi atende kwa nia njema na uaminifu, bila kutanguliza maslahi yake. Jimbo la Delaware, lililofuata nyayo za Texas mwaka 2016, linakataza hata mwajiri wa mtu kuwa msaidizi wake, asipokuwa ndugu yake wa karibu. Huko Texas, upande wowote unaweza kuvunja makubaliano. Yanakufa pia mahakama ikiteua mlezi, au idara ya serikali ya ulinzi wa familia ikibaini kwamba msaidizi amemdhulumu, amemtelekeza au amemnyonya anayemsaidia.

Fikra hii ilipata nguvu duniani kupitia ibara ya 12, inayohusu usawa mbele ya sheria, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Marekani iliusaini, lakini Seneti yake ilipoupigia kura Desemba 2012 haikufikisha theluthi mbili, na mpaka leo haijauridhia.