Kutoka Malindi Kupanda Mlima Kenya: Maswali Tunayoulizwa

Mimi ni mvuvi, napiga mbizi tangu utotoni. Mlima utanifanya nini?

Pumzi ya baharini itakufaa miguuni, lakini haikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Malindi tuko usawa wa bahari. Lenana, kilele wanachofikia wapandaji wengi, kiko mita 4,985, na huko kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata nyumbani. Mwili huzoea, ila huzoea kwa siku, si kwa saa. Kijana mwenye misuli hulemewa sawa na wengine, pengine zaidi, maana ndiye anayekimbilia kutangulia.

Dalili zake ni zipi?

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, usingizi wa kukatikakatika. Huweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi. Zikikupata, usipande zaidi mpaka ziishe, zikizidi, shuka.

La kuogopesha ni mtu kuanza kuyumba au kusema ovyo, au kuhema na kukohoa hali amekaa kitako. Ukiwa na shaka, mwambie atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akipepesuka, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, wala asiachwe ashuke peke yake.

Ratiba ya siku tatu inatosha?

Kwa mtu wa Pwani, mimi naiona fupi. Ukishapita mita 3,000, makazi ya usiku yasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses iko kama mita 3,300, na ya Shipton kama 4,200. Hapo umeruka mita 900 kwa siku moja! Lala kwanza Nanyuki, mji ulio chini ya mlima, kisha ulipie usiku mmoja wa ziada Old Moses. Ipo dawa, asetazolamidi, inayosaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na muguka, yale majani ya kutafuna, uache nyumbani: unakata njaa na usingizi, navyo ndivyo unavyovihitaji kule.

Kwetu kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Niende?

Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Upungufu wa oksijeni huweza kumletea maumivu makali na hatari. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaumwa, bandama lake huweza kudhurika huko juu. Pwani yetu wengi wamerithi bila kujua, kwa hiyo pima damu kabla ya kulipa chochote. Wenye pumu, presha au mimba nao wamuone daktari.

Nguo je?

Kikoi na fulana ya pamba vikilowa havikupi joto. Tafuta mitumba ya sufu, jaketi la mvua, boshori na glovu. Alfajiri kileleni maji huganda.

Nikipata homa huko juu?

Usiseme ni baridi. Malaria uliyoambukizwa na mbu wa Malindi huweza kulipuka wiki moja au mbili baadaye, nayo huja na kichwa na kutapika vilevile. Homa kali si kawaida ya ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Shuka, upimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari umetoka Pwani.